Kisu cha Mashoto

Kisu kilivunjikia ndani ya kiti cha daktari wa meno, asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Mama Kochi alikuwa akifumua mshono wa chini wa kiti hicho, kile wanachokalia wagonjwa wakisubiri huku wameshika shavu. Akasikia mlio mdogo, na ncha yote ikabaki imenasa kwenye ubao. Akautazama mpini uliosalia mkononi. Ubapa uliokuwa mpana kama kidole gumba ulikuwa umenolewa na kunolewa tena mpaka ukawa kama jani la mchaichai. Ulikuwa umevumilia sana. Tena kisu hicho cha kukunja hakikuwa chake. Kilikuwa cha dada yake.

Wanawake hao wawili walivika makochi vitambaa vipya katika chumba hicho kimoja kwa miaka kumi na tisa. Dada alimzidi miaka sita, naye alitumia mkono wa kushoto, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mashoto. Gumba la mkono huo lilikuwa fupi. Springi ya kochi kuukuu iliwahi kufyatuka ikaondoka na ncha yake, na mwenyewe alipenda kusema kwamba kochi lile lilidai bakshishi yake mapema. Kisha mwanawe akapata kazi nchi ya mbali, akapata na mtoto, akamwomba mama aende amsaidie kulea. "Mwaka mmoja tu," Mashoto alisema, akaacha kisu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Mama Kochi alipiga picha vipande viwili, akamtumia. Mchana likaja jibu la sauti, limejaa kicheko.

"Umekiua! Basi kanunue kingine, mdogo wangu. Ila usiende kununua pambo. Kisu kikikunjika wakati umekiegemea, hakiumii chenyewe, unaumia wewe."

Kesho yake alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kule ambako visu vya kukunja vilikaa ndani ya kabati la kioo, juu ya kufuli na chini ya bawaba. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimtolea vitatu.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa shaba, kinang'aa hata aibu kukishika. "Hiki mama ukinunua utawarithisha wajukuu," alisema muuzaji.

"Wajukuu sina bado. Makochi ninayo leo." Alikitia kwenye mfuko wa aproni, na aproni yote ikainama upande mmoja. Akakirudisha.

Cha pili kilikuwa na mkasi, msumeno, kijiko na kitu ambacho hata muuzaji hakujua kazi yake. Mama Kochi alitumia kucha tatu kufungua ubapa peke yake. Huku mkono mmoja umebana kitambaa, kisu hicho kingemngoja mpaka Kiama.

Cha tatu kilikuwa chepesi, mpini wa plastiki nyeusi, bei ya watu wa kawaida. Ubapa ulikuwa na kitundu cha kusukumia kwa gumba, ukafunguka kwa mkono mmoja, ukajikaza hapo wazi. Aliugeuza chini, akaubonyeza kwa nguvu kwenye kipande cha ubao ili aone kama utamkunjikia vidoleni. Haukutikisika. Akachungulia pembeni: umefungwa kwa skrubu, si kwa ribiti zisizofunguka. Vumbi la sponji likiingia ataweza kukifungua akisafishe.

"Mbona unakipima kama unaoza binti?" muuzaji alimuuliza. "Hujasikia? Mchagua jembe si mkulima."

"Aliyesema hivyo jembe lilikuwa halimrudii vidoleni," alijibu Mama Kochi, akalipa.

Sasa, kisu cha bei nafuu ni kama gauni la dukani. Linakuingia, lakini halikujui. Mpini ulikuwa mwembamba na unateleza, kingo zake zinakwaruza. Kwa hiyo jioni alikipeleka kibanda cha jirani, kwa fundi wa funguo, ambaye alikuwa na bisibisi ndogo ndogo za kila namna. Fundi huyo alikuwa mgane, mtu wa utani. Alimwita Mama Kochi "shemeji", kwa madai kwamba angemwoa Mashoto kama Mashoto angekubali. Mashoto hakuwahi kukubali wala kukataa. Alikuwa anacheka tu.

"Shemeji, unataka kukivua nguo chote?"

"Chote. Plastiki hii nataka niitoe."

Walikifungua pamoja juu ya gazeti. Kwa siku nne, kila baada ya kazi, Mama Kochi alikalia kigoda mlangoni pa kibanda akachonga. Alichukua mguu wa kiti uliovunjika, mti mgumu mwekundu, akapasua vibao viwili, akavichora kwa kufuata umbo la plastiki, akavikata, akavipiga tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, kisha mafuta. Kwenye kibao kimoja alichimba kibonde kidogo ili gumba lipate pa kulala. Alikichimba kidogo, akakijaribu kwa macho, akakifupisha. Fundi wa funguo aliuliza kibanio cha kushikizia kisu mfukoni akikaze upande gani, kwa sababu matundu ya skrubu yalikuwapo pande zote mbili.

"Huku," alisema, bila kuinua macho.

Akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, akalegeza skrubu robo ya mzunguko mpaka ubapa ukafunguka kama mtu anayekubali jambo. Akanoa kwa jiwe, taratibu, hadi kikakata karatasi bila kuichana. Mwishoni akasokota uzi wa nta, akaufunga mkiani. Kikapendeza. Alitembea nacho hadi nyumbani mkono ukiwa ndani ya mfuko.

Asubuhi alirudi kwenye kiti cha daktari wa meno. Akafungua kisu, akashika, akaanza kufumua. Hakikukaa. Kibanio kilimkwaruza ncha za vidole. Kile kibonde alichokitolea jasho kilikuwa upande wa kiganja, na gumba lake lilikuwa linaelea, halina pa kutua. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Fundi wa funguo alikuwa amekuja kuomba kijiti cha kiberiti, akasimama mlangoni akimtazama.

"Shemeji," alisema polepole, "wewe umekuwa mashoto tangu lini?"

Mama Kochi alikihamishia mkono wa kushoto. Hapo kikatulia kama mtoto aliyebebwa na mamaye. Isipokuwa gumba. Gumba lake lilikuwa refu mno, likapita nje ya kibonde. Alikuwa amechonga nafasi ya gumba lisilo na ncha.

Aliketi juu ya rundo la sponji. Hakulia kwa sauti, machozi yalitiririka tu, na aliyafuta kwa kipande cha velveti kilichokuwa karibu. Fundi wa funguo alisahau kiberiti. Alikaa kwenye kizingiti, akampa mgongo ili asimwonee haya, akaanza kuhesabu funguo zake ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Mchana alimpigia dada. Hakutaka kutuma sauti, alitaka mtu.

"Dada, nimekutengenezea kisu."

"Mimi? Si ulinunua chako?"

"Nilidhani ni changu. Mikono yangu ilikuwa na mawazo yake." Akamweleza kibonde, kibanio, gumba. Upande wa pili alisikika mtoto anaimba herufi kwa lugha nyingine.

"Kiweke," Mashoto alisema hatimaye. "Nikija nitakichukua."

"Unakuja lini?"

Miaka sita swali hilo lilikuwa linajibiwa kwa mzaha: mvua zikiisha, mtoto akitembea, mtoto akiacha nepi. Safari hii Mashoto hakufanya mzaha.

"Nitakuja kuwaona. Lakini kurudi kukaa, mdogo wangu, sirudi. Mtoto ameanza shule. Akitoka ananitafuta mimi kabla hajavua viatu. Nilikuwa naogopa kukwambia, nikaona bora niseme mwaka ujao, mwaka ujao."

"Nilijua," alisema Mama Kochi. Kisha akajirekebisha, kwa kuwa hakuzoea kumdanganya dada yake. "Sikujua. Nilikuwa sitaki kujua."

"Umenikasirikia?"

"Nimekukumbuka. Hasira ningeimaliza."

Mashoto akalia huko aliko, na huku mwenzake akangoja amalize, kama alivyokuwa akingojwa yeye zamani alipokuwa mdogo akianguka.

Wiki hiyohiyo Mama Kochi alirudi dukani, akanunua kisu kingine, ndugu wa kile alichokichonga. Hiki alikiachia plastiki yake. Alipunguza kingo kwa msasa, akalegeza skrubu, akakinoa, akakaza kibanio upande wa kulia, basi. Kile chekundu alikifunga ndani ya soksi mpya, akampa mteja mmoja aliyekuwa anasafiri kumfuata mumewe nchi ileile, na kumsihi mara tatu akitie kwenye sanduku kubwa, si kwenye mkoba wa mkononi.

"Mpelekee na salamu zangu," alisema fundi wa funguo.

"Salamu gani?"

Alifikiri muda mrefu. "Mwambie skrubu nilizikaza mimi."

Mwezi ulipita na nusu yake. Siku moja simu ikalia, na ndani yake mlikuwa na video fupi. Mashoto amepiga magoti kwenye zulia la watu, mvi zimeongezeka, mbele yake kiti cha jirani kimepinduliwa miguu juu. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka, ubapa ukafunguka. Gumba fupi likalala kwenye kibonde kana kwamba limezaliwa humo. Mshono ukaachia, uzi baada ya uzi. Kisha akashika ukingo wa kitambaa, akakivutia kwake, na bila kugeuka akasema, "Kamata huko!" kama mtu aliye na mwenzake upande wa pili wa kiti. Hapakuwa na mtu. Aliitazama kamera, akacheka kidogo, na video ikaisha.

Mama Kochi aliitazama mara tano. Mara ya sita alimwita fundi wa funguo, naye akaitazama akiwa ameushikilia mlango.

"Amenenepa," alisema.

"Kidogo."

"Kule kumemkubali."

Kochi la viti vitatu lilikuwa limeletwa asubuhi ile, kitambaa chake kipana, kazi ya watu wawili. Mama Kochi alifungua kisu chake cheusi, akakata kamba za turubai lililolifunika.

"Una kazi sasa hivi?" alimuuliza.

"Kufuli moja tu, na mwenyewe hajaja."

"Basi njoo unishikie upande ule."

Fundi wa funguo alifuta mikono kwenye suruali, akazunguka kochi, akashika kitambaa vibaya kabisa. Mama Kochi alimwonyesha pa kuweka vidole.

"Usivute kabla sijakwambia," alisema, na wakaanza.