Swali la Mzee Wekesa Kuhusu Mboga

Siku yangu ya kwanza kama afisa wa lishe ilikuwa Molo, mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya uuguzi mjini Nakuru. Ukungu ulikuwa bado umefunika mashamba ya viazi. Daktari msimamizi, mama wa maneno machache, alinionyesha chumba chenye meza na mizani, akaniambia, "Watu watakuuliza kama mboga huzuia saratani. Waambie huenda zikapunguza hatari. Usiahidi zaidi ya hapo."

Nilifundisha kwamba karoti, sukuma wiki na matunda vina antioksidanti, yaani virutubisho vinavyosaidia kukinga chembe za mwili zisiharibiwe. Nilieleza pia kwamba vidonge si sawa na chakula. Mvutaji sigara akimeza vidonge vingi vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, hatari ya saratani ya mapafu inaweza hata kuongezeka.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, benchi la wagonjwa lilibaki tupu. Majirani zangu walikuwa wamehama. Jioni nilipika kidogo, nikala nimesimama.

Ndipo akaja Mzee Wekesa, fundi wa reli aliyestaafu. Familia yake ilikuwa imekimbilia Bungoma, yeye akabaki kulinda nyumba. Alikuwa na saratani ya umio, njia ya chakula, na alitakiwa kwenda Nairobi kutibiwa kwa mionzi. Hakuwa ameenda. Alikuwa akiponda vidonge vya antioksidanti alivyouziwa sokoni na kuvikoroga kwenye uji.

"Madam, mimi nimekula sukuma tangu utoto," alisema. "Hii ugonjwa imetoka wapi? Nilikosea nini?"

"Hukukosea, mzee. Mboga huenda zikapunguza hatari, haziiondoi. Na hivi vidonge havitakutibu. Nenda Nairobi."

"Nikitoka huko nimechoka, nani atanipikia hata uji?"

"Watoto wako wanajua unaumwa?"

"Wako na shida zao."

Nilimwomba namba ya binti yake, nikampigia mzee akiwa amekaa hapo hapo. Binti alilia, kisha nikamsikia akimwuliza mtu huko Bungoma basi la kuja Nakuru huondoka saa ngapi. Alikuja, akampeleka Nairobi. Mzee alirudi akiweza kumeza ndizi iliyopondwa. Alikaa na binti yake miezi kadhaa, naye akafa akiwa nyumbani kwake.

Sasa nimestaafu, naishi peke yangu Nakuru. Watu wa kanisa bado hunipigia kuuliza ni juisi gani inatibu saratani. Nawaambia hakuna, lakini wale matunda yao, na wakiona dalili waende hospitali mapema.

Tulifunzwa kumwuliza mtu anakula nini na mara ngapi. Baada ya Mzee Wekesa nilianza kuuliza pia anakula na nani. Wengi walinyamaza kwanza, kama ambavyo ningenyamaza mimi.