Saa Nane ya Homa Bay

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Nilikuwa sijafikisha miaka thelathini, cherehani yangu iko kwenye veranda pale Migori, na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko makasi yangu. Jana nilikusikia pale kibandani ukiapa kwamba timu ya taifa ya riadha imeuzwa, kwamba yule kijana wenu ameachwa kwa sababu hana mtu wa kumshika mkono. Ulikuwa umepandisha sauti hadi mishipa ya shingo imesimama. Sikukuita mbele ya wenzako. Nimekuita leo, na uji wako huo hapo, kunywa ukinisikiliza.

Miaka ile ya tisini, veranda yangu ndiyo ilikuwa baraza la mashabiki wa mbio. Si mpira, mbio. Wengi wao walikuwa hawasomi Kiingereza vizuri, na gazeti la michezo lilikuwa la Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nikiwasomea. Nani amekimbia wapi, kwa dakika ngapi, nani ameitwa kambini, nani ameachwa. Nikishamaliza kusoma wanaanza kubishana. Opiyo, mwenye bucha ya jirani, alikuwa akiacha wateja wakimngoja, akija na kisu mkononi ili atueleze kwa nini mkimbiaji fulani alikosea kuongoza tangu mzunguko wa kwanza. Waliniita Nyar Suna, binti wa Suna, na nikisema kitu kuhusu mbio, hakuna aliyenipinga. Kichwa kilinivimba, nakuambia ukweli.

Jambo moja lilikuwa likituuma sote. Kila timu ikitajwa, majina yalitoka Bonde la Ufa. Sisi wa huku mpakani tulikuwa watu wa kupiga makofi tu. Ndipo akatokea Boke.

Boke alikuwa msichana wa Kikuria kutoka upande wa Ogwedhi, miaka kumi na minane, mwembamba, hana maneno mengi. Alikimbia mita elfu tatu. Mara ya kwanza tulipomwona kwenye mashindano ya wilaya, alimwacha wa pili nyuma sana hadi Opiyo akashika kichwa na kupiga kelele, "Yawa! Huyu ametoka wapi?" Kwao hakukuwa na sanduku la posta, kwa hiyo barua zake zilipitia kwangu. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili, maana yeye hajui Dholuo, Kijaluo chetu, na mimi sijui Kikuria. Kumbuka hilo.

Basi barua ikaja. Boke ameitwa Homa Bay kwenye mchujo wa mkoa, Jumamosi, na wasichana wawili wa kwanza watapelekwa Nairobi kuchaguliwa timu ya taifa. Niliisoma upesi, nikawaonyesha mashabiki muhuri na jina lake, nikaikunja na kuitia kwenye droo ya cherehani. Boke alipokuja kuulizia, nilikuwa nimepiga magoti nikimpimia bibi harusi gauni, pini tano ziko mdomoni, na bibi harusi mwenyewe ananung'unika. Nikamwambia Boke bila hata kumtazama: ni Homa Bay, Jumamosi, saa nane.

Akasimama kidogo. "Mama, saa nane? Elfu tatu na jua yote hiyo?"

Nikatoa pini mdomoni nimjibu. "Kwani wewe ni siagi? Unaogopa jua, utakimbia Nairobi namna gani?"

Akacheka kwa heshima, akaondoka.

Jumamosi ile tulitoka Migori saa tatu asubuhi kwa pikapu ya Opiyo, ile ya kubebea ng'ombe, tukiwa mashabiki tisa na Boke mbele kama bibi harusi. Tuliimba njia nzima. Tulifika uwanjani Homa Bay saa sita, na nikajipiga kifua: nimewaleta saa mbili kabla, mtu wetu apumzike.

Nilipoingia uwanjani niliona mzee mmoja akikunja kamba. Mistari ya chokaa ilikuwa imekanyagwa imefutika. Kando ya lango kulikuwa na msichana ameketi na namba kifuani, anakula mandazi. Nikamwuliza elfu tatu ya wasichana itaanza saa ngapi kamili.

"Ile si ilikimbiwa asubuhi," akasema.

Niligeuka. Boke alikuwa nyuma yangu, amesikia. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi pale pale alipokuwa, na begi lake mapajani.

Aliyeshika orodha alikuwa Mwalimu Obara, mzee wa miwani, mpole, aliyekuwa akisimamia mbio za wanawake. Tulimzunguka. Akasema, "Jina yake nimeita mara tatu. Hao wasichana wengine nimewaweka kwa jua nusu saa nikimngoja. Mngetaka nifanye nini?" Na akatuambia muda wa mshindi. Ulikuwa mbaya. Boke alikuwa akikimbia vizuri kuliko huo akiwa anafanya mazoezi peke yake, njia ya vumbi, na ng'ombe wanakatiza.

Nani alipiga kelele wa kwanza? Mimi. "Tuliambiwa saa nane! Mmebadilisha!"

"Nani aliwaambia saa nane?"

"Barua!" nikasema, na neno lenyewe liliponitoka mdomoni, nikaiona ile barua mbele ya macho yangu. Nane, nukta, sifuri mbili, halafu zile herufi mbili za Kiingereza za asubuhi. Nane ya Kizungu, mwanangu. Saa mbili asubuhi. Kama Boke angekuwa Mjaluo ningemwambia kwa Dholuo, sa ariyo, yaani saa mbili, na nisingekosea, maana lugha ya nyumbani inanifikirisha. Lakini niliiona nane kwa macho na nikaisema nane kwa Kiswahili, pini mdomoni, na yeye aliponishangaa nikamfanyia mzaha.

Nilipaswa kusema pale pale. Maneno mawili tu: nimekosea mimi. Sikuyasema. Na wenzangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawasomea, walichukua yale niliyosema wakaenda nayo mbele. "Wamepanga watu wao!" "Ni vile tuko border, wanatuona bure!" "Ni kwa sababu ni Mkuria!" Watu ambao hata hawakuja na sisi walijiunga. Nikasikia kitu kimepita karibu na sikio langu, na Mwalimu Obara akashika uso. Damu ilimwagika kwenye ile karatasi ya majina. Opiyo, mtu niliyemjua kwa kucheka na kukata nyama kwa mkono usiotetemeka, ndiye aliyerusha jiwe. Nilimwona mkono bado uko juu. Naye alikuwa anashangaa mkono wake mwenyewe.

Na bado sikusema.

Jumatano iliyofuata Mwalimu Obara alikuja Migori. Nilimwona akivuka barabara na plasta juu ya jicho. Ilikuwa saa ya watu wachache, namshukuru Mungu. Alinyoosha nakala ya ile barua juu ya meza yangu ya kukatia, akaweka kidole kwenye ile nane. Nilianza kulia kabla hajasema neno.

"Wacha kulia," akasema. "Sikukuja kukuaibisha. Ningetaka hivyo ningekuja siku ya soko. Skiza, nyathina. Baada ya wiki tatu kuna mbio Kisumu, na wale wa Nairobi watakuwa hapo wanaangalia. Nimeandika jina ya huyo msichana. Nimemtumia neno, akanijibu hatakuja, ati tulimkataa. Mimi akiniona ataona mtu aliyemkataa. Ni wewe tu unaweza kumwambia."

"Nitamwambia, Mwalimu."

"Mwambie leo. Mtu akijua alichelewa, anarudi kufanya mazoezi. Akiamini amekataliwa, anatafuta kitu ingine ya kufanya."

Nyathina ni kusema mwanangu, kama ninavyokuita wewe. Mtu aliyepigwa jiwe usoni kwa sababu ya mdomo wangu aliniita mtoto wake. Ningekuwa na akili ningefunga duka saa ileile.

Lakini aibu, mwanangu, ina visingizio vingi. Siku ya kwanza nilisema nimalize sare za shule. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu nilisema Jumapili baada ya kanisa, na Jumapili nikasema nimechoka. Huku verandani hadithi inanenepa. Mara mtu ameona baba wa yule mshindi akila samaki na wasimamizi. Mara barua ya kweli ilifichwa. Walipoomba ile barua yangu waipeleke kwa D.O., mkuu wa tarafa, kama ushahidi, nikasema imeliwa na panya. Iko kwenye droo, goti langu linaigusa, nasema panya. Siku moja, Mungu anisamehe, na mimi nikaongeza chumvi yangu: nikasema siku ile Mwalimu alishindwa kunitazama machoni. Nilijisikia nikisema. Nilishtuka jinsi uongo ulivyonitoka kwa urahisi.

Zilipobaki siku tano, Mwalimu akanitumia salamu na mtu wa mabasi: umemwambia? Sikulala. Asubuhi nilienda Ogwedhi kwa kina Boke. Mama yake alikuwa anachambua nafaka ya wimbi. Akaniambia kwa Kiswahili cha kuokota kwamba Boke yuko Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, ameenda zaidi ya wiki mbili. Aliporudi kutoka Homa Bay alikaa siku mbili haongei, halafu akasema mambo ya kukimbia yameisha.

Nikaenda Masara siku hiyohiyo. Unaijua Masara ya leo, lakini wakati ule ilikuwa mashimo na turubai, na wanawake wameketi kwa mistari wakiponda mawe kwa nyundo, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Nilipita nikitazama nyuso. Nikauliza Boke. Mama mmoja akanionyesha kibanda kwa kidevu.

Alikuwa amelala kwenye gunia, mguu wa kulia umefungwa kwa kipande cha leso, na leso imeloa. Alikuwa amebeba mawe kutoka shimoni na mwenzake, mwenzake akateleza, jiwe likamwangukia mguuni. Vidole vitatu vilikuwa vimepondeka. "Ni juzi," yule mama akasema. Juzi, mwanangu. Siku mbili. Nilikuwa nimekaa na ukweli kwenye droo karibu wiki tatu, nikamkosa kwa siku mbili.

Nilipiga magoti kwenye lile vumbi nikamwambia yote. Barua, nane, pini, panya. Mwalimu na Kisumu. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza akitazama juu kwenye turubai. Nilipomaliza akageuza kichwa.

"Kwa hivyo hawakunikataa?"

"Hawakukukataa, Boke."

"Na jina yangu bado iko kwa karatasi ya Mwalimu?"

Nikasema iko. Akaitikia kwa kichwa taratibu na akafumba macho, na akatabasamu, mwanangu, kama mtu aliyeletewa salamu njema. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Nililia hadi wale wanawake wakaacha kuponda mawe.

Hospitali walimkata vile vidole. Alipona, akaolewa kwa hiari yake Isebania, ana watoto, na alinisamehe mbele ya mama yake. Kukimbia hakukimbia tena. Mimi nilirudi Migori nikawaambia mashabiki wote, siku ya soko, barua mkononi. Hakuna aliyenizomea. Opiyo alifungua aproni yake, akaenda stendi, akapanda gari la Homa Bay kumtafuta Mwalimu aombe msamaha, na damu ya nyama bado iko kwenye mikono. Gazeti hawakuja tena kusomewa.

Sasa sikia ninayokuambia. Sisemi hakuna wanaouza nafasi. Wapo, na nimewaona. Lakini kabla hujaapa kwamba mtu wenu ameonewa, uliza nani alipokea barua, nani aliisoma, nani alimwambia saa. Uliza mpaka ufike kwenu. Maana ukimwambia kijana kwamba amekataliwa na wakubwa, unadhani unamtetea, na kumbe unamvua viatu. Yeye ataamini, atakwenda zake, na wewe utabaki kibandani na mabishano yako matamu. Na likishajulikana kuwa kosa ni lako, usiliache lilale hata siku moja nyumbani kwako. Lipeleke kwa mwenyewe likiwa bado la moto. Utaaibika, ndiyo, utaaibika sana. Mimi niliahirisha aibu ya nusu saa, na msichana wa watu akailipa kwa mguu wake.

Huyo kijana wenu aliyeachwa, umewahi kumwuliza yeye mwenyewe kilichotokea? Naona umeinamisha kichwa. Basi maliza uji, uende ukamwulize leo.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe ulimi unaosema nimekosea bila kusukumwa, na akakufikishe kwa watu wakati bado wamesimama. Nenda.