Jina la Mstari wa Pili

Fundi alilelewa katika nyumba ya watoto yatima, na daftari la nyumba hiyo lilikuwa na habari zake tatu tu: jina lake, jina la baba, na namba ya nyumba waliyopanga wazazi wake. Mahali pa jina la mama palichorwa kistari. Alishona sare za shule kwa miaka arobaini, akalea watoto watatu peke yake, na kila fomu ilipouliza jina la mama aliandika "marehemu." Makarani walimcheka. "Mama, marehemu si jina."

Fomu za sensa ya zamani zilipofunguliwa kwa umma, alifunika cherehani akaenda chumba cha nyaraka. Alipekua makaratasi yaliyonuka mende kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaipata nyumba. Mstari wa kwanza, baba yake, mkuu wa kaya. Wa pili, mke, jina kamili, kwa mwandiko wa kupendeza. Wa tatu, yeye mwenyewe, umri miaka mitatu. Akalipia fotokopi ya fomu ile. Mwezi uleule binti yake wa mwisho alijifungua, na mtoto akapewa jina hilo, likaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Lakini Fundi alitaka zaidi. Mama alikuwa mrefu au mfupi? Alikuwa mcheshi? Chini ya fomu palikuwa na jina la karani, na mhudumu wa nyaraka alimfahamu: mzee wa miaka themanini na kitu, anaishi nyuma ya posta.

"Shikamoo, mzee. Huu mwandiko ni wako?"

"Marahaba. Wangu kabisa. Unaona herufi zilivyokaa?"

"Huyu wa pili ni mama yangu. Ulimwona?"

Mzee akaishusha karatasi. "Mwanangu, sikuona mtu. Geti lilikuwa na kufuli. Jirani ndiye aliyenihesabia."

"Alilijua jina la mama?"

"La baba yako alilijua. Mama yako, yeye jirani alimwita kwa jina lako wewe, mama fulani, basi, kama wanavyoitwa wote. Na nafasi ikibaki tupu msimamizi alinirudisha kwa miguu, jua la mchana."

"Kwa hiyo hili jina ni la nani?"

"La binti mmoja aliyenikataa. Ujana, mwanangu. Nikasema ngoja nimwoze kwenye karatasi." Alicheka, akagundua anacheka peke yake, akamrudishia karatasi.

"Jirani yuko wapi?"

"Alikufa hata sijaota mvi."

Wapo watakaosema huo ulikuwa uongo mdogo, kwa kuwa haukumnyang'anya mtu kitu. Si kweli. Kistari cha lile daftari kilikuwa aibu, lakini kilikuwa aibu ya kweli, na kilimwachia mtu nafasi ya kutafuta. Karani aliiziba nafasi hiyo kwa wino mzuri ili asitembee mara mbili, na baada yake hapakubaki hata mmoja wa kuulizwa.

Fundi alirudi nyumbani akiburuta miguu. Binti yake alimpokea mlangoni, mtoto mkononi.

"Umekawia, mama. Haya, mpokee mama yako, kakusubiri mpaka kachoka."

Fundi akampokea.

"Mbona leo humwiti jina lake?"

"Koo limenikauka," alisema, akaketi naye akiegemea ukuta, akimtazama usoni bila kumwita kwa jina lile.