Chome Mgema na Kidonge cha Asubuhi

Shemeji yangu Chome alikuwa akikwea mnazi kama wewe unavyopanda kitandani kwako. Hapa Mwabungo hatukuwa na mgema wa kumfikia. Kisu chake cha kotama kiunoni, kibuyu mgongoni, mguu unatafuta kidato, na mdomo haufungwi. Mimi ni mdogo wa mkewe, kwa hiyo utani baina yetu ni halali, naye alikuwa akinitukana kutoka juu kabisa: "Kanze, ondoka hapo chini, usije ukanitazama ukasahau njia ya kwako!" Nami nikimjibu, "Nikutazame una nini, na miguu hiyo ya kuku?" Tembo lake ndilo lililokuwa likiuzwa katika mangwe yangu, kilabu changu cha tembo. Wanywaji walikuwa wakionja funda moja tu na kusema, hili la Chome hili.

Minazi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Waziri, mtu wa swala tano, ambaye tembo hajapata kulitia ulimini. Aliiacha igemwe kwa sharti moja. Miaka ya nyuma mgema mwingine alianguka katika shamba lile akavunjika kiuno, na lawama zote zikamwangukia mwenye shamba. Tangu siku hiyo Mzee Waziri alikuwa na neno lake: "Mtu mwenye maradhi haikwei minazi yangu." Na Chome, wallahi, hakuwa na kitu kingine duniani ila kukwea. Ukimshusha mnazini humpi kazi nyingine. Unamwondolea jina.

Basi wauguzi wakaja sokoni kupima watu presha. Chome alikwenda kwa mzaha tu, kuwaonyesha wanawake mkono wake ulivyojaa. Muuguzi alikuwa Yusra, binti wa Mzee Waziri mwenyewe, mtoto ambaye Chome alikuwa akimwangulia madafu alipokuwa hajaota meno ya utu uzima. Akampima. Akampima tena.

"Baba, presha yako iko juu sana. Unasikiaje mwilini?"

"Nasikia njaa, mwanangu."

Sote tukaangua kicheko, Yusra peke yake hakucheka. Alimwita kituo cha afya, na huko akapewa vidonge. Kimoja akaelezwa, "Hiki kinatoa maji mwilini, baba. Meza asubuhi. Utakwenda haja ndogo mara nyingi, usishtuke." Chome akamshika mkono na kumwomba baba yake asijue. Yusra akamwambia siri ya mgonjwa haitoki hapo, na kweli haikutoka. Yule mtoto namvulia kilemba.

Dada yangu Jumwa akawa ndiye askari wa vidonge. Kila asubuhi amesimama na kikombe cha maji mpaka vimezwe. Siku za mwanzo Chome alimeza. Sasa wewe niambie, mgema akibanwa na haja juu ya mnazi afanyeje? Akishuka, atashuka mara ngapi, na minazi ni safu nzima, na karara zinangoja kukatwa zitoe tembo? Na akijisaidia huko juu! Mungu apishe mbali. Vibuyu vimening'inia hapo hapo chini ya mkono wake. Watu wana msemo wao, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku wanywaji watakapoanza kuulizana ni maji gani hayo, mgema huyo afungashe virago.

Asubuhi moja nilikuwa nikimngoja chini na madumu yangu. Nikamwona amejikunja huko juu kama mtu aliyeumwa na mdudu. Mara nikasikia tembo linamwagika, si kidogo. Akashuka ameloa toka kiunoni hadi kwenye vidole vya miguu.

"Kibuyu kimeniponyoka," akasema.

Lo, nilimfokea! Nikamwita mzembe, nikamwambia uzee umemwingia mikononi. Hakunijibu kwa utani hata neno moja. Alikuwa amejikojolea, maskini, kisha akajimwagia kibuyu kizima cha tembo tamu ili nisijue. Haya nimeyajua baadaye sana. Siku ile niliona tembo langu tu limepotea mchangani.

Tangu hapo Chome akawa anatia vidonge shavuni, anakunywa maji, anamrudishia Jumwa kikombe, na akifika nyuma ya banda la kuku anavitema. Kwa nini asiseme? Aseme kwa nani? Kwa mkewe, kwamba mume wako anajikojolea kama mtoto wa kubebwa? Au kwa Yusra, binti wa mwenye minazi, msichana anayemwita baba? Nyinyi mnaosema wagonjwa ni wakaidi, jiwekeni mahali pake kwanza. Na zaidi ya hayo, presha haikuwa ikimuuma. Mtu anaumwa na dawa, haumwi na ugonjwa, utamwambia nini?

Kila akirudi kituoni presha iko pale pale juu.

"Baba, dawa unameza?"

"Nameza, mwanangu."

Na Jumwa naye anaapa, "Anameza, mimi ndiye ninayempa." Kwa hiyo Yusra akamwita daktari, na daktari akaongeza dawa. Akarudi, presha haijashuka, ikaongezwa nyingine tena, kali zaidi. Zote zikaishia nyuma ya banda la kuku.

Aliyeteseka ni dada yangu. Aliambiwa chumvi ni mbaya, akaiondoa nyumbani kabisa. Muhogo hauna chumvi, samaki hana chumvi, watoto wanakula wamenuna. Presha ilipokataa kushuka akasema labda ni mafuta, akaondoa na mafuta. Kisha akasema labda ni yeye, labda anamkera mumewe, akaanza kusema naye polepole kama anayesema na mgeni. Siku moja Chome alimkuta amekaa jikoni akilia peke yake. Alikuwa akisema, "Nimekosea wapi mimi? Nimekosea wapi?"

Chome aliona haya. Alinieleza mwenyewe kwamba haya ile iliishinda ile ya mnazini. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata akavimeza. Vyote. Dawa ambazo daktari alikuwa ameziongeza juu ya nyingine kwa kuamini kwamba zile za kwanza zimeshindwa, Chome alizimeza zote kwa mkupuo mmoja, na mwili wake haukuwa umezizoea hata moja. Kisha akachukua kotama lake akaenda kazini.

Mimi nilikuwa chini kama kawaida. Alifika juu, akainua mkono kushika karara, mkono ukarudi. Nikasikia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume yule.

"Kanze! Kanze, dunia inazunguka! Nishikeni!"

Alikuwa ameukumbatia mnazi kwa mikono na miguu, macho ameyafumba. Nikapiga ukemi. Watu wakaja mbio kutoka barabarani, kutoka sokoni, wengine kutoka mangweni kwangu na vikombe mkononi. Fondo, kijana aliyefundishwa kugema na Chome huyo huyo, akakwea na kamba, akamfunga kifuani, akawa anamteremsha kidato baada ya kidato. Na katikati ya safari ile, mbele ya kijiji kizima, kaptura ya Chome ikaloa na maji yakamtiririka miguuni. Safari hii hakuwa na kibuyu cha kujimwagia.

Mlevi mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo haya maji ya tembo!" Nilimpiga kibao, na sijutii. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu walikuwa wameshacheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke inimeze kwa niaba yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Chome kilimfichua kilio chake mwenyewe. Mzee Waziri alikuwa amefika, kanzu ameishika mkononi kwa mbio. Hakumtukana. Laiti angemtukana! Aliinama, akamfunika kiunoni kwa kikoi chake, akasema, "Pole sana, bwana Chome. Basi pumzika." Sisi watu wa pwani tunajua maana ya pumzika ya namna hiyo. Siku ya pili Fondo ndiye aliyekuwa juu ya minazi.

Kituoni ndiko alikosema yote, Jumwa na mimi tupo, macho ameyatia sakafuni. Alipofika penye banda la kuku Jumwa akajifunika uso kwa leso. Yusra alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yanamlengalenga.

"Lakini baba, kile cha kutoa maji ungekimeza saa nne, ukishamaliza kugema. Mpaka ukikwea tena jioni kingekuwa kimeshamaliza kazi yake. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mwanangu?"

Yusra akajifuta macho, akavuta karatasi ya dawa.

Wakapunguza zile dawa wakaanza upya. Chumvi kidogo ikarudi chunguni, watoto wakarudi kucheka. Chome anashinda barazani akisuka makuti, na Fondo akianza kukata karara kule shambani, yeye huingia ndani. Mangweni kwangu haji tena, na mimi nikimtania hutabasamu tu.

Juzi tulimsindikiza kupimwa. Yusra akaangalia mashine, akapiga makofi. "Hongera, baba! Presha imekaa sawasawa. Hebu niambie, siku hizi unafanyaje hata hukosi kumeza?"

Chome akaishusha mikono ya shati lake, akafunga kifungo.

"Siku hizi, mwanangu, choo kiko karibu."