Mkate wa Kila Siku Kwenye Shamba la Pamba

Nikinusa pamba iliyoanikwa, ile harufu ya vumbi na jua, hadi leo mdomo wangu hujiandaa kujibu swali: "Maana yake ni nini?"

Shamba la pamba ndilo lilikuwa darasa langu la kipaimara. Kila Jumamosi mwinjilisti wetu pale Bariadi alitufundisha katekisimu, na wenzangu waliimeza kama uji. Mimi kichwa kilikuwa kizito. Akaniambia mbele ya wote kwamba nikishindwa siku ya kuulizwa maswali mbele ya usharika, nitarudia darasa pamoja na mdogo wangu. Heri ningeugua surua kuliko aibu hiyo.

Bibi, mzaa baba, ndiye aliyenilea. Akaamuru nimsomee masomo yangu tukiwa tunachuma pamba. Shida ni kwamba Bibi hakujua Kiswahili, au ndivyo nilivyoamini. Kila sentensi niliigeuza Kisukuma, na asiporidhika alisimama palepale na pamba yake mkononi, akiuliza maana yake ni nini, hachumi wala hasogei.

"Mayu, mama yangu, kwenye Baba Yetu unaomba mkate wa kila siku," aliniuliza. "Hapa kwetu nani anakula mkate kila siku?"

Nikamwambia ni ugali.

"Unaula mkavu?"

Nikaongeza mboga. Akauliza mahindi yanaota bila nini, nikaongeza mvua. Tukaenda hivyo mpaka kwenye ng'ombe, michembe, vile viazi vikavu tunavyoweka kwa ajili ya kiangazi, na jirani asiyeachia mifugo yake iingie shambani mwako. Nilichukia kwelikweli. Wenzangu wanakariri, mimi nabishana na bibi kizee!

Siku ikafika. Tulipanga mstari mbele ya madhabahu, Bibi akiwa benchi la nyuma. Aliyekuja kutuuliza alikuwa mchungaji mgeni, naye hakufungua kitabu.

"Huo mkate tunaouomba," alisema, "hapa kwenu ni kitu gani?"

Neema, hodari wetu, akaanza kukariri kwa sauti ya kinanda. Mchungaji akamwomba aseme kwa maneno yake mwenyewe. Neema akaanza tena yaleyale ya kitabuni, na wengine mstarini wakatazama sakafu.

Nikanyoosha mkono. Nilianza na ugali, nikashuka na mboga, mvua, ng'ombe na michembe, na nilipofika kwa jirani mwenye mifugo kanisa zima liliangua kicheko, kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akapiga makofi. Mwinjilisti naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Jamani, nilifurahi!

Nje, mchungaji alimpa Bibi mkono wa pongezi. Nikasogea haraka nimtafsirie. Bibi akanisukuma kando kwa kiwiko.

"Karibu sana Bariadi, Mchungaji," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Huyu alikuwa anameza bila kutafuna. Mimi nilimtafunisha tu."

Nilinuna njia nzima, nikijiona nimechezewa msimu mzima wa pamba. Siku hizi nina darasa langu mwenyewe la kipaimara. Mtoto akisimama na kunimwagia katekisimu bila kupumua, namkazia macho na kujifanya sijui Kiswahili.