Kioo cha Asubuhi, Jibu la Alasiri

Enzi zetu pale Idsowe, kioo kilikuwa cha kufukuzia ndege. Vijana wa leo wakisikia hivyo hucheka. Tulikaa juu ya dungu la miti katikati ya mpunga, tukakinga jua kwa kioo, tukakiinamisha kidogo, na mwanga ukarukia masuke. Ndege waliondoka kwa makelele, nasi tukaendelea na mahindi yetu ya kuchoma.

Dada yangu Hadija alikipatia kioo kazi nyingine. Bakari, kijana wa ng'ambo ya mto, alinunua viwili mjini Kipini akampelekea kimoja. Mila ilimkataza msichana kusema na mchumba kabla posa haijajibiwa, lakini haikumkataza kummulika. Asubuhi jua lilikuwa upande wa kina Bakari, likitutazama sisi, kwa hiyo Hadija ndiye aliyesalimu. Bakari alingoja hadi alasiri, jua limehamia upande wetu, ndipo aitikie. Salamu moja kutwa nzima, na walinenepa kwa furaha.

Mwaka ule mto ukafurika. Baba alikwisha kuikubali posa, Hadija naye, ila hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka kupeleka jibu. Wazee wa Bakari walikuwa wamesema lisipofika kabla ya magharibi wataposa kwingine. Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho mawingu yakatanda. Jua lilipotoka ilikuwa alasiri, liko nyuma yetu, na kila Hadija alipolikinga, mwanga uliishia kwenye migomba yetu wenyewe. Akaanza kulia.

Bibi, ambaye kila siku alitukaripia kwa kuchezea vioo, akapanda dungu na cha kwake kilichomeguka pembe.

"Usilie, mjukuu wangu. Nirushie mimi hilo jua."

Hadija akasimama ukingoni mwa mto, akalikinga, akamrushia. Kioo cha bibi kikaudaka mwanga na kuuvusha juu ya kichwa cha dada hadi ng'ambo. Bakari, aliyejua kumulikwa siku ile ni kukubaliwa na aliyekuwa akingoja tangu alfajiri, alicheza mpaka dungu lake likaanguka naye.

"Mama, na mila?" baba akauliza.

"Mtoto hajasema neno. Jua ndilo lililosema."

Wajukuu zangu sasa wana tochi. Wanamulikana usoni, jibu papo hapo, ugomvi papo hapo. Hadija na mumewe Bakari wametangulia mbele ya haki, na kioo cha dada kimebaki kwangu, kimejaa madoa. Asubuhi nyingine nakielekeza ng'ambo, nikijua vizuri hakuna mtu kule. Hata hivyo, ikifika alasiri, natoa kiti nje na kukaa kuutazama mto.