Akina Miller na Kiti cha Meza ya Majina

Saa tatu na dakika saba asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, skrini iliyokuwa mbele yangu iligeuka nyekundu. Mteja aliyesimama dirishani alikuwa mchomeleaji kutoka gereji za Ras Al Khor, mikono imejaa grisi, na alitaka kumtumia mamake pesa za dawa. Jina lake la mwisho lilikuwa Miller. Mashine ilikuwa inasema huenda ni seneta wa Marekani.

Nilikuwa karani mpya katika duka la kutuma fedha mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai. Nilikuwa nimetoka Mombasa na cheti cha kidato cha nne, na Kiingereza nilichojifunza kwa kusoma magazeti ya zamani. Mkuu wa meza ya majina, mzee wa Kisudani asiyependa haraka, alivuta kiti akakaa kando yangu.

"Nyekundu si hatia," aliniambia. "Ni mgongano tu. Kazi yako ni kujua huyu ni Miller yupi."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na nyinyi mnaoianza leo mnapaswa kujua ilivyofanywa. Mwenye wadhifa serikalini anaweza kupewa rushwa, kwa hiyo fedha zake na za jamaa zake huchunguzwa zaidi ya fedha za mtu mwingine. Majina yao huwekwa kwenye mashine. Jina la mteja likifanana na mojawapo, huo ni mgongano. Ukithibitisha kwamba siye, unauachia muamala uende. Ukiwa na shaka, unaupandisha, yaani unaufunga na kuupeleka kwa mkuu wa meza aamue yeye. Hakuna njia ya tatu.

Akina Miller ndio walionifundisha kazi. Kulikuwa na Miller seneta mstaafu, Miller jaji, Miller meya wa mji mdogo, Miller mjumbe wa bunge la jimbo, na wengine wengi wa vyeo ambavyo kwetu havipo. Mwanzo nilidhani ni ukoo mmoja uliogawana nchi. Nilisoma peke yangu, baada ya kazi, nikagundua kwamba jina hilo lilikuwa la wasagaji unga. Kila kijiji kilikuwa na kinu chake na msagaji wake, na wajukuu wa wasagaji hao hawajuani wala hawahusiani. Nikajifunza tofauti ya seneta wa taifa na seneta wa jimbo, ya jaji wa kuchaguliwa na jaji wa kuteuliwa. Kila Miller nikamjua kwa cheo, jimbo, mwaka wa kuzaliwa na jina la kati.

Kadiri nilivyowajua ndivyo nilivyowaonea wivu. Kule mpiga kura akisimama mbele ya karatasi ya kura, asiwajue wagombea, huweka alama kwenye jina ambalo masikio yake yamelizoea. Kwa hiyo Miller mmoja akitawala vizuri, Miller mwingine asiyemjua hata kwa sura anaokota kura zake. Mimi ni Salim Athmani Bakari. Mwanangu ni Athmani Salim. Mjukuu wangu akija, jina la Bakari halipo tena. Hata ningekuwa waziri, mtoto wa mjukuu wangu asingepata hata kikombe cha chai kwa jina langu. Na hao walikuwa wanapata viti.

Kiti nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja tu: kile cha mzee wa Kisudani.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa tawi la Ras Al Khor, na huko ndiko alikoletwa Lucy. Alitoka Nakuru. Alikuwa amefanya kazi za nyumbani katika villa moja Al Warqa, na madam wake alipohama nchi akamwombea kazi kwetu. Alianza kwa kupika chai na kupiga deki, kisha akapewa dirisha la pili, pembeni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha mgongano ni nini.

Hakuwa na subira ya kusoma. Skrini yake ikigeuka nyekundu, aliinama dirishani akatabasamu. "Sir, kwani wewe ni ndugu ya yule mkubwa?" Mteja alicheka, kisha akamweleza ukoo wake wote mpaka bibi yake. Nilichokitafuta mimi tangu asubuhi hadi adhuhuri, yeye alikipata kabla chai haijapoa.

"Hivyo sivyo," nilimwambia. "Mteja anaweza kusema uongo."

"Aki Mzee Salim, hata karatasi inaweza," alijibu. "Lakini karatasi haitoki jasho ukiiuliza."

Wateja wakaanza kupanga foleni kwenye dirisha lake. Mwenye kampuni, ambaye wote tulimwita Arbab, alikuwa wa familia iliyotoka Unguja zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alipotembelea tawi alinipa mkono. Kwa Lucy alikaa nusu saa. "Huyu binti ana ulimi wa asali," aliniambia siku moja. "Wewe Salim, wateja wakikuona wanadhani wamefika mahakamani." Nilicheka kwa adabu. Ile nusu saa aliyokaa naye niliihesabu kuwa imetoka kwenye mali yangu.

Ndipo mzee wa Kisudani alipotangaza kwamba anarudi kwao. Arbab akasema mrithi atatoka Ras Al Khor, ama mimi ama Lucy, na ataamua mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimetangulia kazini kwa miaka mingi. Nilinunua viatu vyeusi vya ofisini, nikaviweka chini ya kitanda ndani ya boksi.

Wiki hiyo alikuja Bibi Miller, Mmarekani wa makamo mwenye kofia ya jua. Alikuwa ameuza fleti yake ya Dubai na alitaka kupeleka fedha kwao. Skrini ilikuwa nyekundu: Miller, meya. Huyo meya nilikuwa namfahamu kama jirani. Hakuwa na dada wala binti. Mke aliye naye alikuwa na jina jingine la kwanza. Mke wa zamani alikuwa ameachwa siku nyingi, na rekodi ilitaja jina la ukoo aliozaliwa tu, bila la kwanza.

Sheria inataka mtalaka wa mwenye wadhifa naye apandishwe. Hilo nililijua. Lakini kwa malezi yangu ya pwani, mwanamke hufa na jina la babake. Kwamba Mzungu hubeba la mumewe nilikuwa nimejifunza, nikajua pia kwamba talaka ni talaka: eda ikiisha, ametoka nyumba ile na kila kilicho chake, na kisicho chake amekiacha mlangoni. Mwanamke anayeitwa Miller, basi, hawezi kuwa mtalaka wa Miller. Niliuachia muamala.

Lucy alikuwa amegeuza shingo. "Mzee, umemuuliza kama aliwahi kuolewa na huyo meya?"

"Meya alimwacha mkewe. Khalas."

"Khalas ya nani?" Alitoa kitambulisho chake mfukoni akakigonga kwenye kaunta yangu. "Soma hapa. Hili jina la mwisho ni la nani? Ni la yule mlevi aliyeniacha kabla sijakuja huku. Kubadilisha pasipoti ni gharama, watoto wanaitwa hivyo, shule inaniita hivyo. Nimezunguka nalo Dubai nzima!"

"Hayo ni yako."

"Sawa, ni yangu," alisema, akanyanyua simu.

Fedha za asubuhi hutoka kwa fungu moja saa sita. Mzee wa Kisudani aliusimamisha muamala kabla fungu halijafungwa. Bibi Miller aliitwa, akaulizwa, akacheka. Naam, meya alikuwa mume wake. Kesho yake alileta hati za mahakama: fleti aliipata kwa haki katika talaka, fedha zilikuwa safi, zikaenda. Hakuwa na kosa lolote. Ila mkaguzi wa serikali alipopita aliufungua muamala huo huo, akauliza nani aliupandisha, na akasema ungetoka bila kupandishwa tungelipishwa faini.

Lucy alipewa kiti. Usiku ule nilimwambia mke wangu, Mwanaisha, kwenye simu, kwamba nimekosa cheo kwa kuwa yule ameachwa na mimi sijawahi kumwacha yeye. Alicheka mpaka akakohoa. "Hujachelewa, baba Athmani," alisema. "Viatu si unavyo?"

Nilifanya kazi chini ya Lucy hadi nilipostaafu, na sikumkuta na kosa hata moja, ingawa nilitafuta. Vijana, majina yasomeni, maana anayejua kuuliza tu atakwama siku mteja atakapokuwa bubu. Hivyo ndivyo ninavyoamini, na siku hiyo naisubiri bado.

Siku ya kuniaga walileta keki iliyoandikwa "Salim". Katika kampuni tulikuwa akina Salim wanne, na wawili wakaulizana ni ya nani. Arbab alisimama na kikombe cha juisi, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Kisha akamgeukia Lucy, akamshika bega, akawasimulia wageni wangu habari yote ya Bibi Miller tangu mwanzo, na kofia ya jua hakuisahau. Wakapiga makofi. Mtu wa nyuma kabisa akauliza hiyo faini ingekuwa kiasi gani. Arbab hakunitazama. Akaitamka polepole ili wote wasikie: dirham laki moja na nusu.